Kifungu cha Kumi na Tisa

Siku niliyoagwa kazini walinipa saa ya ukutani, chupa ya chai na doti mbili za kitenge. Saa ilisimama kabla sijafika nyumbani. Wiki iliyofuata binti aliyeshika nafasi yangu akanifuata, akanikuta nachambua dagaa, akaniomba nimwandikie yale anayopaswa kuyajua katibu wa baraza la kata. Nikamwambia sheria zote ziko kabatini. Akasema, "Mama, kabatini nimekuta sheria tatu na panya."

Basi ndiyo naandika. Habari za vyeo msizitafute humu, maana nilianza katibu na nikaishia katibu. Mshahara nao sitautaja, mume wangu mwenyewe haujui hadi leo. Nitaandika kuhusu benchi, daftari, mvua na aibu moja kubwa niliyoipata mbele ya watu, ambayo wengine wenu mmeisikia ikisimuliwa vibaya.

Nilifika ofisini Jumatatu nimevaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka kwetu karibu na Kipalapala, mama yangu amenisindikiza mpaka barabarani kana kwamba naenda kuwa waziri. Nikakuta chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, bati bila dari, meza, kabati la chuma lisilofungika, na Mzee Simeoni. Alikuwa mtu wa Usoke, Mmoravian, mwimba besi wa kwaya, na akisema "habari za asubuhi" ulihisi umetubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kukaa au unapita?"

"Nimekuja kukaa."

"Basi vua hivyo viatu, ufagio uko nyuma ya mlango."

Nikafagia. Yeye ndiye aliyekuwa katibu, na mimi nilikuwa nimeletwa nijifunze kwake mpaka astaafu. Mwenyekiti na wajumbe walikuja siku za mashauri, wengine kusikiliza na wengine kusinzia, lakini baraza lilikuwa Mzee Simeoni na benchi lake. Benchi hilo alilichonga mwenyewe, fupi kwa makusudi, la kukalia watu wawili wembamba. Mlalamikaji na mlalamikiwa walikaa hapo pamoja, watake wasitake. "Mtu hawezi kumtukana mwenzake kwa raha wakati paja lake analisikia," aliniambia. Nimeona watu waliokuja wamekamatana mashati wakiishia kusogezana kwa adabu: samahani, ndugu, nimekukalia koti. Msikubali mtu awaletee viti vya plastiki.

Siku hiyohiyo, kwa kiherehere cha ugeni, nililichukua daftari kubwa la kumbukumbu nikalijalidi kwa karatasi ya kaki. Nilipika uji mzito wa muhogo, nikagundisha pembe zote, nje na ndani, mpaka jalada likawa gumu kama ubao. Mzee Simeoni aliporudi kutoka msalani akaliona, akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Umejitahidi." Mkumbuke mdomo huo, nitaurudia.

Mvua zilipoanza ndipo nilipokisikia kifungu kwa mara ya kwanza. Kifuku chetu, ndivyo tunavyoyaita majira ya mvua huku, huanza Novemba na kujikokota mpaka Aprili. Wageni hawaamini. Wanadhani Tabora ni vumbi na asali tu. Waje Januari waone nyumba za matofali mabichi zinavyolainika. Wenye nyumba wa kata yetu walikuwa na mtindo mmoja wa kumtoa mpangaji mbishi: hawagombani naye, wanamleta fundi na kuezua bati. Mpangaji atakaa ndani anatazama mawingu, na mvua ya kwanza itamaliza mabishano. Siku hiyo mwenye nyumba mmoja alikuwa amekuja kutuarifu tu, kwa heshima, kwamba fundi yuko njiani.

Mzee Simeoni hakuinua hata kichwa. "Kifungu cha kumi na tisa," alisema kwa ile besi yake. "Mvua zikishaanza, mpangaji hatolewi mpaka zikatike."

Mwenye nyumba akavua kofia. Hakuuliza chochote. Akaenda kumrudisha fundi.

Mimi nikakiandika kichwani. Na mzee alipostaafu akarudi Usoke kulima tumbaku, nikakirithi pamoja na benchi, muhuri na panya wa wakati huo. Nilikitumia miaka na miaka. Kila kifuku nilikitamka mara tano, mara kumi, kwa sauti nzito kadiri Mungu alivyonijalia, na hakuna aliyewahi kubisha. Sikuwahi kukisoma popote. Nani anasoma kitu anachokijua? Baba Yetu nawe huisomi.

Ubishi uliokuwepo ulikuwa mmoja tu: mvua zimekatika lini? Mpangaji alisema bado, mwenye nyumba alisema zilikatika tangu Pasaka, na kila mmoja alikuwa na shahidi. Nikaweka kipimo changu. Nasimama mbele ya nyumba yenyewe asubuhi, nangoja bodaboda ipite. Ikitimua vumbi, kifuku kimekwisha, mpangaji afungashe. Kipimo kizuri, nikajisifu nacho, mpaka nilipogundua fundi cherehani mmoja anaamka alfajiri na ndoo nne za maji kuilowesha barabara mbele ya mlango wake. Mwezi wa sita huo! Barabara nzima inapepea vumbi, hapo kwake pana matope na bata wawili wanaogelea. Nilipomuuliza akaniambia huku mvua hunyesha kwa mafungu. Nilimpa siku saba, na bata mmoja akawa wa mwenye nyumba kwa fidia ya usumbufu.

Sasa aibu yenyewe.

Ilikuwa Februari, mvua zimechachamaa. Mzee Luhende alikuja kulalamika kuhusu mpangaji wake. Mzee Luhende ni Mnyamwezi wa hapahapa, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pama asiyoivua hata kanisani, na mkaidi kuliko baiskeli yake. Aliongozana na mwanawe Deusi, kijana aliyekulia Dar es Salaam kwa mjomba wake na kusoma huko mpaka akachakaa. Deusi alikuwa anaoa baada ya Pasaka. Walitaka nyumba ndogo ya uani waiezue, wainue kuta, waweke dari ya jipsamu, bibi harusi asije akakuta buibui.

Ndani ya nyumba hiyo alikaa Mama Nyemo. Mumewe alikuwa kibarua wa reli, yuko kambini mbali. Mwenyewe alikuwa amejifungua siku tisa tu zilizopita, na Nyemo, mtoto wake wa kwanza, amemshika gauni. Alikuja barazani na kichanga mgongoni, amekifunika khanga mbili na mfuko wa nailoni juu.

"Nina notisi," alisema Deusi, akaiweka mezani. Niliisoma. Miezi mitatu kamili, imeandikwa vizuri, imesainiwa na Mama Nyemo mwenyewe, na imekwisha juzi. Sijapata kuona notisi safi namna ile.

"Mama Nyemo," nikasema, "ulipewa hii?"

"Nilipewa. Nilitafuta chumba. Wakiona tumbo wanasema kimeshapangishwa. Sasa wanaona mtoto, wanasema atalia." Hakulia yeye. Alisema tu. "Sina pa kwenda na huyu mvuani."

Nikajinyoosha kwenye kiti. Nikaivuta ile besi kutoka tumboni. "Kifungu cha kumi na tisa. Mvua zikishaanza, mpangaji hatolewi mpaka zikatike."

Mzee Luhende akaanza kuinuka, amekubali. Deusi akamvuta akakaa. Akaniuliza kwa adabu kabisa, mtoto wa watu, "Samahani, mama. Cha sheria ipi?"

Jamani. Nimezaa mara nne, nimefukuzwa na nyuki mara mbili, lakini jasho la siku ile silisahau. Miaka yote hiyo, nani aliwahi kuuliza? Mwenyekiti wetu, Mzee Athumani, aliyekuwa amelala, akaamka kwa kile kimya.

"Shauri linaahirishwa mpaka kesho saa tatu," nikasema. "Chai imechelewa."

Walipotoka nikapekua kabati lote. Sheria ya kwanza haina kitu. Ya pili panya alikula kuanzia kifungu cha nane, na nikashukuru kidogo, lakini ilihusu mifugo. Ya tatu ina kifungu cha kumi na tisa kweli, kinazungumzia namna ya kujaza nafasi ya mjumbe aliyefariki. Nikampigia simu Mzee Simeoni. Kwa miaka hiyo Usoke simu ilishika juu tu ya kichuguu kilichoko katikati ya tumbaku yake, na aliyekuwa hapo juu na simu ni mkewe, akampigia mumewe mbinja, ndipo naye akapanda.

"Mzee, shikamoo. Kile kifungu cha kumi na tisa ni cha sheria ipi?"

Nikasikia upepo, na mzee akihema.

"Binti," alisema, "daftari lile bado limejalidiwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Libandue."

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au alishuka kichuguu kwa makusudi.

Nilichukua kitambaa na maji ya moto nikaibandua kaki yangu, na uji ule wa muhogo, miaka yote hiyo, bado umeshika. Chini yake, upande wa ndani wa jalada, mlikuwa na mwandiko wa Mzee Simeoni. Maagizo ishirini aliyojiandikia mwenyewe. La kwanza: fika kabla yao. La kumi na saba: usipokee kuku. La kumi na nane: ukipokea kuku, asilale ofisini. Na la kumi na tisa: mvua zikianza mpangaji asitolewe mpaka zikatike. Halafu kwa herufi ndogo: "Mama yangu alitolewa mvuani, ana mdogo wangu mgongoni. Mdogo wangu hakufika masika ya pili."

Nililia. Kisha nikakasirika, maana ungeweza kuniambia, mzee, mdomo ulikuwa wazi kabisa siku ile! Kisha nikaogopa. Miaka yote nimewazuia watu na nyumba zao kwa sheria iliyotungwa na mwimba besi. Mungu anisamehe, niliwaza hata kumtungia Deusi jina la sheria, refu, lenye mwaka. Lakini kijana yule alikuwa na simu yenye kila kitu ndani. Na hata asingekuwa nayo, nimekaa pale mbele ya watu nikiwaapisha waseme kweli.

Kesho yake mvua ilikuwa inapiga bati kwa hasira. Ofisi haina dari, mnajua. Kifuku mashauri tunayaendesha kwa kupiga kelele, na katibu anaandika kwa kukisia midomo. Mzee Luhende na Mama Nyemo wakakaa kwenye benchi, Deusi akasimama mlangoni, Mzee Athumani akaweka mkono sikioni. Nikasimama.

"Kifungu cha kumi na tisa hakipo," nikasema.

"Hakimo wapi?" akapaza sauti Mzee Athumani.

"Hakipo!"

"Hatusikii!"

Nikavuta pumzi, nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote, "HAKIPO! KILITUNGWA! SHERIA HIYO HAIPO KABISA!" Na mvua, kwa ubaya wake, ilikuwa imenyamaza sekunde hiyohiyo. Nadhani walinisikia mpaka sokoni. Aliyekuwa anapita nje na toroli la mahindi alisimama.

Nikamwambia Mzee Luhende kwamba notisi yake ni halali, na kwamba namwomba kama mama, si kama katibu. Mzee Luhende alivuta kofia yake. "Mimi sina ubaya na mtu," alisema, "lakini mwanangu anaoa mara moja. Fundi anakuja kesho asubuhi."

Imekwisha, nikajiambia. Nikashika kalamu, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyemo chumbani, mimi wa kwanza.

Ndipo Mama Nyemo akageuka pale benchini.

"Mzee Luhende. Wewe ni Mnyamwezi hasa, au umehamia?"

"Mnyamwezi hasa! Babu yangu amezikwa hapa. Baba wa babu yangu alibeba mzigo kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, kwa miguu hii hii unayoiona."

"Alipita wapi?"

"Njia ilikuwa moja. Alipita Ugogo."

"Haya," alisema Mama Nyemo. "Mimi ni Mgogo wa Bahi."

Mzee Athumani akacheka mpaka akashika meza. Mzee Luhende akafumba macho. "Mama yangu wee," akasema taratibu. "Nimekwisha. Si ulisema unatoka Singida?"

"Nilipandia basi Singida. Hukuniuliza kabila, uliniuliza kama nina mbwa."

Msomaji wetu wa huku hahitaji kuelezwa, ila Deusi alihitaji, amesimama pale mlangoni anatuangalia kama watu tuliopagawa. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Atakutukana umcheke, atachukua kofia yako umshukuru, na ukifa atakuja kulala kaburini mwako akilia kwa kejeli, na wanao wasipompa chochote mkosi ni wao.

"Babu zako walifika kwetu na pembe za ndovu za watu mabegani," Mama Nyemo aliendelea, na sauti ikapanda, "miguu imevimba, midomo imepasuka. Tuliwapa maji. Wengine mvua iliwakuta, wakalala kwetu mpaka ikakatika. Uliwahi kusikia Mgogo kamwezua Mnyamwezi bati?"

"Mvua gani Ugogo?" Mzee Luhende hakuweza kujizuia, utani ulishamshika. "Nyie mvua mnaisikia redioni!"

"Ndiyo maana sijui kuogelea! Ukinitoa nitazama!"

Akamfungua mtoto mgongoni, akampakatisha Mzee Luhende mapajani. Benchi lenyewe mnalijua, hapana pa kukwepea. "Shika. Mtoe wewe kwa mikono yako mwenyewe. Mlango ule pale."

Mvua ilianza tena. Mzee Luhende alimshika mtoto kama mtu aliyepewa mayai. Mtoto akapiga chafya. Na Mama Nyemo akanyoosha mkono, akaivua ile kofia ya pama ambayo hata padri hakuwahi kuivua, akaivaa mwenyewe, akakunja mikono.

Hakuna aliyecheka wakati huo. Nilimwona Mama Nyemo midomo inatetemeka chini ya ile kofia, na nikajua kwamba huu ndio mzaha wake wa mwisho alionao duniani, ukishindwa basi.

"Baba," alisema Deusi, "notisi ni halali. Mama katibu mwenyewe amesema."

"Notisi naijua, niliilipia chapa," alijibu Mzee Luhende, macho kwa mtoto. "Utani huujui wewe, umekulia Dar. Huyu nikimtoa mvuani, nikifa nitalaliwa kaburi na Wagogo wote wa Bahi." Akamgeukia Mama Nyemo. "Kaa. Lakini vumbi likitimka tu!"

"Likitimka tu, mtani."

Nikaandika kwenye daftari: wamepatana kwa hiari yao.

Harusi ilifanyika. Bibi harusi aliwekwa chumbani kwa Mzee Luhende, na mzee akahamia kwenye kochi sebuleni, akilalamikia mgongo kwa kila aliyemsalimu. Mwezi wa tano, asubuhi, Mama Nyemo alinigongea ofisini, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. "Kifungu cha kumi na tisa, mama," alisema. "Nimepata chumba huko Ntalikwa." Hakungoja hata bodaboda ipite.

Nilitoka kuwaaga. Mzee Luhende alikuwa amejitwika godoro la mpangaji wake kichwani, na juu ya godoro beseni la masufuria. Mama Nyemo anamfuata nyuma na ile kofia, mtoto mgongoni, anatangaza barabara nzima: "Tazameni! Nimepata mpagazi wa Kinyamwezi, na halipwi!" Mzee alicheka mpaka masufuria yakalia, akasimama mara tatu, lakini mzigo hakuutua mpaka Ntalikwa. Kofia hakurudishiwa.

Mzee Simeoni nilimpelekea habari. Alisema, "Umejitahidi," kama siku ile. Sikujalidi tena upande wa ndani, na wewe binti uliyenikuta na dagaa zangu, usijalidi.

Kifuku changu cha mwisho kazini, Deusi alikuja. Baba yake ameshatangulia mbele ya haki, Wagogo walikuja na wakatuchekesha makaburini mpaka tukaona haya, na ile nyumba ya uani sasa ni ya Deusi, na ina mpangaji, kijana fundi simu. Deusi aliweka notisi mezani, safi kama ile ya kwanza. Bati linapiga kelele. Mimi nikaisoma, nikaikunja, nikamrudishia, maana sina tena la kusema kwa besi.

"Notisi imekwisha," Deusi alimwambia mpangaji wake pale benchini, kwa kelele, magoti yao yamegusana. "Lakini utakaa mpaka mvua zikatike. Kuna kifungu cha kumi na tisa."

Kijana akamtazama kwa mashaka. "Cha sheria ipi?"

Deusi akanitazama. Mimi nikatazama ndoo inayokinga maji ya bati. Akamgeukia yule kijana, hasira zimempanda kweli.

"Wewe," alisema, "mvua yote hii, unauliza sheria?"